Kwa Wifi Nachingwea: Moto, Maji na Mbegu Zetu

Basi letu liliondoka Mbagala mara baada ya Swala ya Alfajiri, na lilipolifikia Daraja la Mkapa jua lilikuwa limekwisha kupanda juu ya mto Rufiji. Binti yangu alikuwa ameegemea dirisha, mkoba ameulaza mapajani, na ndani ya mkoba ule mlikuwa na kadi ya kliniki. Sikuwa na haja ya kuifungua ili kuikumbuka namba iliyoandikwa humo: 9.2. Hicho ndicho kilikuwa kiwango cha damu yake, gramu kwa kila desilita, naye alikuwa na mimba ya kwanza ya miezi minne. Mjamzito hutakiwa asiwe chini ya 11.

Mumewe ni dereva wa malori ya masafa marefu, na anapokuwa safarini binti hukaa kwangu. Kwa hiyo chakula alichokula miezi ile kilitoka katika jiko langu. Muuguzi alipomwuliza anakula nini, nilijibu mimi kwa niaba yake, kwa sauti ya mtu asiye na wasiwasi: maharage, mbaazi, choroko, kunde, karanga. Muuguzi akatabasamu kwa adabu. "Mama," akasema, "kula ni jambo moja, na mwili kupata ni jambo jingine." Akampa vidonge vya madini ya chuma pamoja na foliki asidi, akamsisitizia avimeze kila siku na asivimeze kwa chai, kisha akamwita mwingine aliyekuwa foleni.

Ndugu msomaji, mimi ni mwalimu mstaafu. Kwa miaka mingi nilifundisha sayansi kimu, nikawaandikia wasichana ubaoni majina ya vitamini na madini. Sasa damu ya mwanangu mwenyewe ilikuwa imepungua ndani ya nyumba ambayo maharage hayakosekani. Aibu hiyo niliibeba kimya kimya hadi Nangurukuru.

Hatukuwa peke yetu katika tatizo hilo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015 na 2016 ulionesha kuwa kati ya wanawake 100 wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49, takribani 45 walikuwa na upungufu wa damu. Malaria imo katika hesabu hiyo, minyoo imo, na uzazi wa karibu karibu umo. Lakini sehemu kubwa ni madini ya chuma, na familia nyingi zisizomudu nyama kila siku huyatafuta katika mbegu. Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, alipopata habari kwa simu hakuuliza mengi. "Mlete huku kwa shangazi yake," akasema. "Ufuta umeshavunwa."

Pale Nangurukuru njia moja hukata kushoto kwenda Kilwa, mji ambao Ibn Battuta aliufikia mwaka 1331 na kuusifu. Sisi tuliendelea kusini. Baada ya Lindi na ghuba yake, tukafika Mnazi Mmoja, tukaiacha barabara ya Mtwara na kushika ile ya Masasi. Ulikuwa mwezi wa Julai. Kando ya maghala ya vyama vya msingi magunia ya ufuta yalikuwa yamepangwa yakisubiri mnada wa stakabadhi ghalani, na wakulima wamekaa vivulini wakijadili bei. Sehemu kubwa ya ufuta ule huvuka bahari, kwenda China, Japani na kwingineko. Nilimwambia binti kwamba tunaona chakula cha watu wengine kikipakiwa. Hakujibu, alikuwa amelala. Usingizi wa mchana ulikuwa umemzidi majuma yale, nao ulikuwa miongoni mwa dalili.

Tulilala Masasi chini ya majabali yake, na asubuhi tukapata gari la kutufikisha Nachingwea. Anayeufahamu mji huu kwa jina tu huenda ameusikia kwa mambo mawili. La kwanza ni wapigania uhuru wa Msumbiji, kwani FRELIMO walikuwa na kambi yao kubwa ya mafunzo hapa. La pili ni karanga. Baada ya Vita Kuu ya Pili Waingereza walipungukiwa mafuta ya kula, wakaamua kulima karanga Tanganyika kwa matrekta na mabuldoza, kuanzia Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea. Reli ikajengwa kutoka Mtwara. Mwaka 1951 mpango ukafutwa, na mamilioni ya pauni yakawa yamezama katika udongo uliokuwa mgumu kuliko walivyodhani. Reli nayo ikaja kung'olewa baada ya uhuru. Karanga, hata hivyo, hazikuondoka. Wanawake wanazilima kwa jembe la mkono, kila mmoja robo eka yake, na zinakubali.

Wifi alitupokea uani kwake. "Shikamoo shangazi," akasema binti, na mkono wa shangazi ukafika kwenye kope la chini la jicho la mwanawe hata kabla ya kuitikia. Akalivuta kidogo, akatazama weupe wa ndani. "Marahaba, mwanangu. Ingia ukae."

Usiku ule baada ya Isha ndipo nilipoanza kujifunza upya somo nililolifundisha. Wifi alileta ufuta aliokwisha kuupepeta, kuuosha na kuuanika, akauweka katika kikaango cha udongo juu ya makaa machache sana. Makaa yenyewe yalikuwa yamefunikwa na jivu, nikadhani moto umemzimikia. Akawa anakoroga kwa mwiko bila kupumzika, huku akitupigia hadithi. Zikapita dakika nyingi. Mbegu za kwanza zilipoanza kutatarika na harufu kupanda, akakinyanyua kikaango papo hapo na kuumwaga ufuta wote juu ya ungo. Nikamwuliza kwa nini asingeuacha upoe mle mle. "Chungu hakijui kama umeshakitoa motoni," akasema. "Kitaendelea kuukaanga."

Nikajikumbuka nikiwa Dar es Salaam, na jiko la gesi, kikaango chembamba cha bati na haraka. Ufuta wangu huwa mweusi nje na mbichi ndani, na uchungu wake nimekuwa nikiuficha kwa sukari.

Jambo analolifanya wifi kwa pua na masikio lina maelezo yake. Ndani ya mbegu ya ufuta mna viini viitwavyo lignani, na kimojawapo ni sesamolini. Ufuta ukikaangwa kwa kiasi, joto huivunja sesamolini na kuzaa kitu kipya kiitwacho sesamoli, ambacho huzuia mafuta yasichache na huyalinda yasiharibiwe na hewa. Ndiyo maana uto wa ufuta uliokaangwa huweza kukaa muda mrefu bila kunuka. Basi hapa moto haupunguzi tu, bali unaongeza jambo ambalo mbegu mbichi haikuwa nalo kwa wingi. Lakini moto ule ule ukizidi, mbegu ikaungua, faida yenyewe huteketea na uchungu hushika nafasi yake. Kati ya kukaanga na kuunguza pana dakika moja au mbili, na wifi anazijua kwa mlio.

Kisha akatia ufuta katika kinu. Hapo napo nilikuwa nikikosea. Nyumbani tulikuwa tukiunyunyiza ufuta mzima juu ya mkate na mahamri, tukajiona tumekula dawa. Gramu 100 za ufuta usiokobolewa zina takribani miligramu 14 za chuma, na madini ya chokaa zaidi ya miligramu 900, lakini mbegu ile ni ndogo na ganda lake ni imara. Ikiponyoka meno, hupita tumboni na kutoka kama ilivyoingia. Mchi ndio unaoifungua. Wifi aliutwanga hadi ukatoa mafuta na kushikamana, akatia asali kidogo, akampa binti vijiko viwili katika kibakuli. Akala na kulamba kijiko. Tangu mimba ishike, nilikuwa sijamwona akilamba kijiko.

Asubuhi ya pili tukagombana juu ya maharage, kwa ule utani unaoruhusiwa baina ya mawifi.

Alikuwa amebandika maharage mekundu bila kuyaloweka, na yalipochemka akayatilia kibonge cha magadi. Nikasema, "Wifi, magadi hayo yanakula vitamini." Akasema, "Wifi, wewe umefundisha, mimi nimelisha." Watoto waliokuwa uani wakacheka, nami nikacheka, lakini sikunyamaza. Magadi hulainisha ganda haraka kwa kuwa huyeyusha gundi inayoshikanisha chembe za mbegu. Kazi hiyo inaifanya kweli. Lakini vitamini B1, ambayo maharage ni hazina yake nzuri, haivumilii magadi pamoja na joto. Huvunjika ndani ya sufuria, na hakuna namna ya kuirudisha. Tena magadi ni chumvi kwa namna yake, na mjamzito anayechungwa shinikizo la damu hahitaji chumvi ya kificho.

Wifi akanijibu jambo ambalo vitabu vyangu havikuliandika. "Kuni nanunua fungu kwa fungu," akasema. "Maharage yasiyotiwa magadi yanakula mafungu mawili." Ni hoja ya haki, na si vyema kumpita mtu mwenye hoja kama hiyo kwa kumtajia vitamini. Nikamwomba tujaribu. Usiku huo nililoweka maharage yangu katika maji mengi, na asubuhi nikamwaga yale maji na kuyabandika katika mengine, bila magadi. Yeye akabandika yake kwa desturi yake. Kuni ni zile zile, mafiga yamekaribiana. Yake yalitangulia kuiva, lakini kwa muda usiofika nusu saa. Wifi akayaonja yangu, akatafuna polepole, akasema hayana utelezi. Kwa wifi yangu, hiyo ni sifa kubwa.

Nilikuwa karibu kujipa ushindi aliponiona nimeshika sufuria, nataka kumwaga maji yaliyoyachemsha yale maharage ili niyaunge kwa nazi. Ndivyo nilivyozoea, nikisema naondoa gesi. "Na supu hiyo unammwagia nani?" akaniuliza.

Nikaiteremsha sufuria chini. Wifi alikuwa amesema kweli, nami nilikuwa nikilijua hilo kwa kichwa na kulivunja kwa mikono miaka yote. Folati, ile vitamini ambayo mwanamke mwenye mimba huihitaji mikrogramu 600 kwa siku, huyeyuka katika maji. Kikombe cha maharage yaliyopikwa hutoa zaidi ya 200, ila ukimwaga maji ya kuchemshia umemwaga sehemu yake, na pamoja nayo vitamini nyingine za kundi la B. Folati ndiyo inayohitajika mtoto anapoungwa uti wa mgongo katika majuma ya mwanzo kabisa, nayo pia ni ya kujenga damu. Mwezi baada ya mwezi nilikuwa nikiimwaga katika karo la jikoni.

Maji ya kulowekea ni habari nyingine, na inafaa tuyatofautishe. Hayo ni ya kumwaga. Gesi inayowasumbua wengi hutokana na sukari fulani za maharage ambazo utumbo mwembamba hauna kimeng'enya cha kuzivunja, hivyo hufika chini zikiwa nzima na vijidudu vya huko huzichachusha. Kuloweka usiku kucha na kumwaga hupunguza sukari hizo. Ni kweli kwamba rangi nyekundu inayotoka huchukua pia baadhi ya viini vyenye faida vya ganda. Mimi naihesabu biashara hiyo kuwa na faida, kwa sababu kuloweka kunafanya kazi nyingine kubwa kuliko hizo zote, na kazi hiyo ndiyo iliyohusu damu ya binti yangu.

Kila mbegu, iwe mbaazi, mtama au ufuta, imejaaliwa akiba ya fosforasi kwa ajili ya siku itakapoota. Akiba hiyo huitwa fitati. Kwa mmea mchanga ni riziki, kwa mlaji ni kizuizi, kwani fitati huyashika madini ya chuma na zinki yakapita tumboni bila kunyonywa. Hapa moto peke yake hausaidii sana. Unaweza kuchemsha mbaazi hadi zisagike na fitati nyingi ikabaki. Kinachoishinda ni maji na muda. Mbegu ikilowa hudhani msimu wa kuota umefika, ikaamsha kimeng'enya chake yenyewe kinachoifungua akiba ile. Ikiachwa hadi itoe mche mdogo, hufunguka zaidi, na vitamini C ambayo mbegu kavu haikuwa nayo huanza kujitokeza. Hilo ndilo nililokosa kumweleza muuguzi wakati nikijisifu kwa choroko na kunde. Nilikuwa nikizitupa kavu sufuriani saa nane mchana kwa chakula cha saa kumi.

Bibi zetu walilijua bila jina. Siku ya tatu wifi alitoa kimea cha ulezi, yaani ulezi ulioloweshwa, ukafunikwa hadi ukachipua, ukaanikwa na kusagwa. Akapika uji, ukapoa kidogo, akatia kimea, na ule uji mzito ukawa mwepesi mbele ya macho yetu. Kwa kimea hicho hicho huku kusini hufanyiwa togwa. Togwa bichi ni tamu na ni halali. Ikiachwa ikachacha hadi ya kulevya, imeshatoka mezani petu. Alimpa binti ule uji pamoja na unga wa ubuyu, na ubuyu una vitamini C, ambayo huisaidia chuma ya mbegu kunyonywa. Ndimu ingefanya kazi ile ile. Hili nalo nililikuta kwake bila kulitafuta.

Ila kuna jambo moja tulilolikosea sote wawili, mimi mjini na yeye kijijini: chai. Baada ya kila chakula wifi huleta chai ya rangi, nzito, yenye iliki. Ni ukarimu, na kuikataa ni vigumu. Lakini viini vya majani ya chai huyashika madini ya chuma kama fitati inavyoyashika, na kikombe kimoja kinachoandamana na mlo wa maharage hupunguza mno kile ambacho mwili ungepata. Muuguzi alikuwa amesema kuhusu vidonge tu, na sisi tukaelewa vidonge tu. Tukakubaliana chai isogezwe mbele kwa saa moja au zaidi. Shemeji alinung'unika kwa siku mbili, kisha akazoea kuinywa baada ya Alasiri.

Karanga za Nachingwea zinastahili maneno yake. Wifi huziloweka na maganda yake, akazichemsha kwa chumvi kidogo. Mimi nilizihesabu kuwa chakula cha watoto, na za kukaanga kuwa ndizo karanga. Kumbe karanga inapochemshwa ndani ya ganda, viini vya ganda na ngozi hupenya hadi kwenye kokwa. Watafiti wa chuo kikuu kimoja huko Alabama, Marekani, walieleza mwaka 2007 kwamba karanga za kuchemsha zilikuwa na baadhi ya viini hivyo mara mbili hadi mara nne kuliko zilizo mbichi na za kukaanga. Kukaanga nako huipunguza vitamini B1. Sisemi tuache karanga za kukaanga, nazipenda mno. Nasema za kuchemsha zisidharauliwe.

Lakini wifi kabla ya kuziloweka alizimwaga mkekani na kuzichambua, akatenga kila iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au yenye ukungu, akazitupa mbali na kuku. Katika hili hana utani kabisa, na asiwe nao. Sumukuvu, ile sumu ya ukungu, haiogopi sufuria. Moto unaua ukungu, sumu yenyewe hubakia kwa sehemu kubwa, na kwa karanga iliyooza hakuna mapishi yanayoitengeneza. Mama anayenunua karanga zilizosagwa tayari sokoni hajui zilichambuliwa na nani.

Nitaje pia jambo moja la hatari kwa wale wanaobana mkaa. Maharage mekundu mabichi yana sumu yake ya asili, na huondoka kwa kuchemka barabara kwa dakika zisizopungua 10. Kikapu cha kuhifadhi joto ni kizuri, lakini maharage yaingie humo yakiwa yameshachemka kweli kweli. Moto wa uvuguvugu hauitoshi sumu hiyo, na aliyeyala nusu mabichi hutapika usiku mzima.

Jirani mmoja alimletea binti habbat soda, akamwambia aile kwa wingi kwa kuwa imesifiwa katika hadithi sahihi. Sifa hiyo tunaiamini. Wifi aliipokea kwa shukrani, akaisaga punje chache juu ya asali bila kuipika, kwa kuwa harufu yake imo katika mafuta mepesi yanayoruka na mvuke. Kingine akakiweka kabatini. Mjamzito huonja habbat soda kama kiungo. Akitaka kuinywa kama dawa, amwulize kwanza anayemhudumia kliniki.

Siku ya mwisho tulikwenda shambani. Mbaazi zilikuwa za aina mbili juu ya miti ile ile, nyingine kavu na nyingine bado kijani, nasi tukachuma za kijani tukakaa chini ya mkorosho kuzimenya. Mbaazi mbichi huiva upesi, hazihitaji magadi wala usiku wa kuloweka, na vitamini C haijaziacha bado. Wifi alizipika kwa tui jepesi akilitia mwishoni, zikaja mezani na rangi yake. Wakulima wa hapa bado wanaukumbuka mwaka 2017, India ilipowekea mbaazi kikomo cha kuingizwa nchini mwake na bei ikaanguka huku magunia yamejaa nyumbani. Wifi anasema mwaka ule walikula mbaazi asubuhi na jioni, kwa hasira. Nikamwuliza kama walikuwa wakiziloweka. Akanitazama, akasema hasira hailoweki.

Tulirudi Dar es Salaam na ndoo ya ufuta, mfuko wa kimea na kikaango cha udongo kilichofungwa ndani ya kanga. Jikoni kwangu sasa pana bakuli ambalo kila usiku baada ya Isha huwekewa maji na mbegu za kesho, na sufuria zangu hazimwagwi supu. Baada ya majuma matano binti alipimwa tena. Kadi ikaandikwa 10.4. Alhamdulillah. Muuguzi aliuliza kama vidonge vilimezwa, na vilimezwa, hakukosa hata siku moja, kwa hiyo siwezi kusimama hapa nikadai kuwa ni ufuta. Yeye alisema waendelee vyote viwili, na 11 bado haijafika.

Nilimpigia wifi kumpa habari, naye hakuwa na shaka hata kidogo ni nani aliyeongeza damu ile. Juma lililofuata akatutumia gunia dogo la mbaazi kavu kwa basi. Nilipolimimina sakafuni ili nizichambue, katikati ya mbaazi nikakuta kifurushi cha karatasi kilichofungwa kwa uzi. Nikakifungua. Kilikuwa kibonge cha magadi.